Goma–Kinshasa: kilomita 1,560, saa mbili na robo, na miaka mia moja ya historia



Wiki hii tumechagua swali ambalo vijana wengi wanauliza, hasa wale waliozaliwa huku nje: kutoka Goma hadi Kinshasa ni mbali kiasi gani? Ndege inachukua saa ngapi? Linaonekana swali dogo, la kujibu kwa sentensi moja tu. Lakini tulipokaa kulijibu tukaona kwamba ukifuata hiyo njia ya angani vizuri, unapata karibu historia yote ya nchi yetu. Kwa hiyo chukueni muda, tutaenda polepole.

Tuanze na hesabu.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa ndege wa Goma hadi uwanja wa N'Djili, Kinshasa, ni takriban kilomita 1,560. Huu ni umbali wa ndege, siyo wa gari. Haujali milima ya Kivu wala msitu wala mito. Ndege kubwa ya jeti inakwenda karibu kilomita 800 kwa saa ikiwa juu, kwa hiyo ukigawanya unapata kama saa mbili. Ongeza muda wa kupanda, kushuka na kuzunguka uwanjani, unafika saa mbili na robo hivi. Ndege ndogo ya pangaboi, inayokwenda kilomita 500 kwa saa, itahitaji zaidi ya saa tatu, kama haikusimama mahali njiani.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wengi. Kongo ina saa mbili tofauti. Goma na mashariki yote wako mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukitoka Goma saa nne asubuhi, ukaruka saa mbili na robo, Goma itakuwa saa sita na robo mchana. Lakini ukishuka N'Djili utakuta saa ya ukutani inaonyesha saa tano na robo. Mtu asiyejua atasema, "Kumbe safari ni saa moja tu!" Siku ya kurudi ni kinyume: unatoka Kinshasa saa nane mchana, unafika Goma saa kumi na moja na robo jioni, na mtu yule yule atasema ndege ilichelewa. Haikuchelewa. Nchi ndiyo pana.

Sasa tulinganishe. Kwa mstari huo huo wa angani, kutoka Goma hadi Kigali ni kama kilomita 105. Hadi Entebbe ni kama 400. Hadi Nairobi ni kama 855. Hadi Dar es Salaam ni kama 1,245. Someni tena hiyo ya mwisho. Mtu wa Goma yuko karibu zaidi na Bahari ya Hindi kuliko na mji mkuu wa nchi yake. Ndiyo maana tunaongea Kiswahili na watu wa Kin wanaongea Kilingala. Kiswahili hakikuja kwetu kutoka Kinshasa. Kilikuja kwa miguu kutoka pwani, na misafara ya biashara, pembe za ndovu na watumwa, kikavuka Tanganyika na kuingia Maniema. Biashara, maneno na hata nguo zetu zilitoka mashariki. Serikali ndiyo iliyotoka magharibi.

Na hiyo serikali ilifikaje? Hapo ndipo ndege inapoingia katika habari hii.

Wabelgiji walikuwa na shida. Walitawala nchi kubwa mara nyingi kuliko kwao, na njia yao kuu ilikuwa mto. Mashua kutoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kwenda Stanleyville, ndiyo Kisangani, ilipanda mto kilomita zaidi ya 1,700 na kuchukua wiki nzima na zaidi. Kwa hiyo mwaka 1920, miaka miwili tu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walianzisha shirika lililopewa jina la mfalme wao Albert, kwa kifupi LARA. Walileta ndege ndogo zinazotua juu ya maji, wakaanza kuzirusha juu ya mto kutoka Léopoldville tarehe 1 Julai 1920. Mwaka 1921 njia hiyo ikafika Stanleyville. Mto ndio ulikuwa ramani yao na uwanja wao wa kutua. Zilibeba barua na watu wachache. Mwaka 1922 huduma hiyo ikafungwa, lakini mwaka uliofuata, 1923, shirika la Sabena likaanzishwa Ubelgiji, na Kongo ilikuwa moja ya sababu kubwa.

Kisha likaja jaribio la kutoka Ulaya. Tarehe 12 Februari 1925 rubani Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels kwenda Léopoldville. Walifika tarehe 3 Aprili. Siku 51! Lakini sikilizeni hili: muda waliokuwa hewani kwa kweli ulikuwa kama saa 75 tu. Siku nyingine zote zilikuwa za kutengeneza injini, kungoja vipuri na kungoja mvua ipite. Yaani tangu siku ya kwanza, saa za kuruka na saa za kusafiri zilikuwa vitu viwili. Thieffry mwenyewe alikufa mwaka 1929 katika ajali ya ndege karibu na Ziwa Tanganyika, akitafuta njia za ndege za ndani ya Kongo. Mwaka 1935 Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Brussels na Léopoldville. Zilichukua siku tano na nusu. Leo ndege ya moja kwa moja inatumia kama saa nane.

Kwa nini tunawaambia haya? Kwa sababu tumesikia mara nyingi, redioni na hata shuleni, kwamba Kongo imeshindwa kutawaliwa vizuri kwa sababu ni kubwa sana. Lakini angalieni tarehe. Mwaka 1920, babu zetu wakiwa bado wanalazimishwa kubeba mizigo ya Wazungu kichwani, ndege ilikuwa tayari inapita juu yao. Nchi ilikuwa ile ile, mtu mmoja alifika kwa siku chache na mwingine alitembea miezi. Tofauti ilikuwa ni nani anaruhusiwa kupanda.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, ndege haikuacha kuwa chombo cha wenye nguvu. Mifano miwili mnaijua, ila labda hamjaitazama kwa jicho la umbali.

Wa kwanza ni Patrice Lumumba. Tarehe 17 Januari 1961 alitolewa gerezani Thysville, leo Mbanza-Ngungu, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakapelekwa Moanda, karibu na Bahari ya Atlantiki, na huko wakapandishwa ndege aina ya DC-4 kwenda Élisabethville, ndiyo Lubumbashi. Karibu kilomita 1,800. Walipigwa ndani ya ndege njia nzima. Usiku ule ule waliuawa. Ndege ndiyo iliyowezesha maadui wa Lumumba walio pande mbili za nchi kupeana mtu ndani ya mchana mmoja.

Wa pili ni Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 17 Septemba 1961 aliondoka Léopoldville kwenda Ndola, katika Zambia ya leo, kuzungumza na Moïse Tshombe wa Katanga. Rubani hakupita njia fupi. Katanga ilikuwa na ndege ya kivita, kwa hiyo walizunguka upande wa mashariki, karibu na Ziwa Tanganyika, ndipo washuke kusini. Safari ikawa ya zaidi ya saa sita, na baada ya saa sita usiku ndege ikaanguka msituni karibu na Ndola. Watu wote 16 walipoteza maisha. Mpaka leo sababu inachunguzwa. Sisi tunachukua somo moja: ukitaka kujua nani anaogopwa katika nchi, angalia ndege inakwepa wapi.

Mwaka 1961 huo huo nchi ilipata shirika lake, Air Congo, na mwaka 1971 jina la nchi lilipobadilika likawa Air Zaïre. Wazee wetu wanalikumbuka kwa fahari. Ndeke ilikuwa ya taifa, na mwalimu au mfanyabiashara wa Bukavu aliweza kutumaini kuipanda siku moja. Lakini Mobutu alijenga pia uwanja wake kijijini Gbadolite, wenye njia ya kurukia ndefu ya kutosha kwa Concorde, na Concorde aliikodi kweli. Ndege iliyokwenda kasi kupita sauti ilitua mahali ambapo barabara ya kwenda wilaya ya jirani ilikuwa matope. Air Zaïre ilifilisika mwaka 1995. Tangu hapo yakaja makampuni mengi madogo yenye ndege zilizochoka. Januari 1996 ndege ya mizigo ilishindwa kupaa uwanja wa N'Dolo, katikati ya Kinshasa, ikaingia sokoni na kuua watu zaidi ya 200. Walikuwa wauzaji na wanunuzi wa soko. Hawakuwa na tiketi ya kwenda popote.

Sasa tunafika kwenye miaka inayotuhusu wengi wetu moja kwa moja.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi Rwanda, watu mamia ya maelfu walivuka kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Uwanja wa Goma, ambao ulikuwa wa kawaida tu, ukajaa ndege za msaada kutoka dunia nzima. Watu wa Goma waliona kwa macho yao kwamba ndege zinaweza kufika wakati wowote, zikitaka.

Kisha vita ya 1996. Goma ilianguka mwanzoni mwa Novemba 1996, na majeshi ya AFDL ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Hesabuni: miezi sita na nusu. Safari ya ndege ya saa mbili na robo, wengi wao waliitembea, na kati yao walikuwemo watoto, wale tuliowaita kadogo. Mbele yao walikuwa wanakimbia wakimbizi wa Kihutu kutoka kambi za Kivu. Walipita Tingi-Tingi, wakapita karibu na Kisangani, wengine wakafika hadi Mbandaka. Kutoka Goma hadi Mbandaka ni zaidi ya kilomita 1,200 hata kwa mstari wa angani. Msituni hakuna anayejua walitembea ngapi. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, wengi waliuawa, hata Mbandaka kwenyewe, ukingoni mwa mto. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeandika mengi ya hayo. Sisi ni wakimbizi, na hatuwezi kuandika juu ya umbali katika Kongo bila kuwataja wakimbizi waliojua kila hatua ya umbali huo.

Mwaka mmoja baadaye ndege ikarudi kwa namna nyingine. Vita ya pili ilianza tarehe 2 Agosti 1998. Siku mbili baadaye, askari waliongozwa na James Kabarebe, afisa wa Rwanda ambaye wiki chache kabla alikuwa mkuu wa majeshi ya Kongo, waliteka ndege ya abiria uwanja wa Goma. Wakairusha hadi kambi ya Kitona, karibu na Atlantiki. Kilomita 1,900 na zaidi, juu ya nchi nzima! Lengo lilikuwa kuichukua Kinshasa kutoka nyuma. Waliteka bwawa la Inga, umeme ukakatika Kinshasa. Kabila aliokolewa na majeshi ya Angola na Zimbabwe. Vita vilivyofuata viligawanya nchi miaka mitano.

Na hapa swali letu la mwanzo linapata jibu jingine. Kati ya 1998 na 2003 Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD, na Kinshasa chini ya serikali. Safari ya kawaida kati ya miji hiyo miwili ikakatika. Mtu aliyekuwa na ndugu Kin, na pesa, alitoka nje ya nchi ili kwenda ndani ya nchi. Kwa mfano: barabara hadi Kigali, zaidi ya kilomita 150. Ndege Kigali hadi Nairobi, kama 760. Halafu Nairobi hadi Kinshasa, kama 2,400. Jumlisha: zaidi ya kilomita 3,300, mara mbili ya umbali wa kweli, na mipaka mitatu ya kupigwa mihuri. Kama hukuwa na pesa wala pasipoti, basi umbali ulikuwa hauna mwisho.

Volkano nayo ikaongeza lake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Uwanja ukabaki na karibu kilomita mbili tu. Nchi ikaungana tena mwaka 2003, ndege za Kin zikarudi, lakini zikitua kwenye njia iliyokatwa na mawe meusi. Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kupaa hapo, ikaingia mtaa wa Birere, penye maduka na nyumba. Watu wapatao 40 walikufa. Wengi tunaijua Birere. Nyumba zinakaribia uwanja kiasi kwamba mtoto anajifunza aina za ndege kabla ya kujua kusoma. Kumbukeni pia kwamba tangu 2006 makampuni ya ndege ya Kongo hayaruhusiwi kuruka katika anga la Umoja wa Ulaya, kwa sababu ya usalama. Ndege isiyoruhusiwa kumbeba Mzungu kwao, ndiyo iliyombeba mama kutoka Goma kwenda kumzika kaka yake Kinshasa.

Miaka iliyofuata uwanja ulitengenezwa, lava ikaondolewa, jeti zikawa zinakuja kila siku. Tiketi ilikuwa dola mamia, pesa ambayo mkulima wa Masisi haioni kwa mwaka, lakini njia ilikuwepo.

Mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Uwanja ukatekwa, safari za abiria zikakoma. Februari Kavumu, uwanja wa Bukavu, nao ukachukuliwa. Msaada nao ukakosa mlango. Na watu wakarudia njia ile ile ya 1998: kuvuka mpaka, kuingia nchi ya jirani, kutafuta ndege ya kwenda mji mkuu wa nchi yao wenyewe. Kijana wa leo anafikiri ni jambo jipya, lakini mama yake analijua.

Basi jibu letu ni hili. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni kilomita 1,560. Mwaka 1997 ilikuwa miezi sita na nusu kwa miguu. Mwaka 1999 ilikuwa kilomita 3,300 kupitia Nairobi. Mwaka 2015 ilikuwa saa mbili na robo kwa mwenye pesa. Mwaka 2025 ikawa tena mpaka na muhuri. Ardhi haikusogea hata mita moja. Kilichobadilika ni nani ameshika uwanja na nani ameshika tiketi.

Ndiyo maana hatukubali tena ile hadithi kwamba sisi tumeteseka kwa sababu Kongo ni kubwa mno. Ukubwa haukumzuia Thieffry, haukuwazuia waliompeleka Lumumba kufa, haukuizuia Concorde, haukuizuia ndege ya Kitona. Silaha zilifika, madini yalitoka, wakubwa walikwenda kwenye mazungumzo na kurudi. Mwalimu wa Kivu ndiye aliyekosa mshahara kwa sababu, wanasema, "ni mbali". Na mtu wa kijijini akitaka haki yake, faili lake liko Kinshasa.

Wengi wetu hatujawahi kuiona Kin. Tumevuka mpaka mara moja, mara mbili, kwa miguu au juu ya lori, na safari ya ndege tunayoingojea, kama itakuja, ni ile ya kupelekwa Marekani au Canada au Australia. Yaani kuna mwenzetu atakayeruka kilomita 12,000 kabla ya kuruka hizo 1,560. Hatusemi hivyo ili mtuhurumie. Tunasema kwa sababu siku tutakapokuwa na nafasi ya kuchagua viongozi na kuwauliza maswali, hili liwe moja ya maswali: lini mwananchi wa kawaida ataweza kutoka Goma kwenda Kinshasa na kurudi, salama, kwa bei anayoiweza, bila kuomba ruhusa ya nchi nyingine?

Kazi ya wiki hii: kila mmoja amtafute mzee aliye karibu naye, amuulize alisafiri vipi kati ya mashariki na Kinshasa, mwaka gani, na ilimchukua siku ngapi. Andikeni mwaka na siku, msiandike majina. Tutaziweka pamoja. Vitabu vingi vimeandika safari za wafalme na marais wa Kongo. Za wazazi wetu tutaziandika sisi.